Mtafsiri Alipokosa Neno

Kiingilio mia tano, benchi halina mgongo,
na Chipila, mwenye banda, ameandika kwa chaki ubaoni:
LEO POLISI NA MAJAMBAZI. RISASI MWANZO MWISHO.
Alidanganya. Namshukuru.

Niliingia na ming'oko yangu kwenye karatasi,
chumvi na pilipili, vumbi la ghalani bado kwenye nyusi,
maana mimi ni karani wa mizani hapa Newala
na tangu alfajiri nilikuwa nasoma kilo za watu.

Risasi ililia mara moja tu, tena nyuma ya ukuta.
Muda wote uliobaki ni mtu mmoja,
inspekta mnene wa nchi ya theluji,
shati limeruka kifungo, soli ya kiatu imeachama,
anapanda ngazi akipumzika kila ghorofa.
Anarudisha chenji iliyozidi.
Anamwongopea mkewe kwenye simu kwamba ameshakula.
Muuaji tulimjua mapema.
Na yeye alimjua. Hapo ndipo filamu ilipoanza.

Vijana wa bodaboda wakaguna.
"Mbona hawakimbizani?"
"Peleka mbele, Chipila! Huyu babu anatafuta nini kwenye sinki?"
Anaosha kikombe, jamani. Kikombe kimoja,
taratibu, kama mtu anayeosha maiti.
Nikatoa ile sauti yangu inayonyamazisha foleni:
"Atakayegusa rimoti, korosho zake kesho nazipima za mwisho."

Nantete, mtafsiri wetu, haachi pengo.
Kimya cha mzungu yeye hukijaza matusi na methali,
na inspekta tangu mwanzo alimwita Afande wa Kitangari,
tukacheka.
Mpaka ikafika ile ya mlangoni.

Amekuja na pingu mfukoni.
Anayefungua ni mama wa mtuhumiwa. Hajui kitu.
Anamwita kwa jina la utotoni,
anamwekea chai. Naye
anakunywa.
Anakunywa yote. Anasifia sukari.
Kamera haikumwonea huruma, ilimkodolea
hadi tukaona koo likipanda na kushuka,
na mkono wa kushoto, mfukoni, umezibana pingu zisilie.

Nantete akafungua mdomo kwenye maiki,
akaufunga.
"Hapa," akasema, "sina cha kutafsiri."
Banda zima likasikia jenereta.

Baba alikuwa sajenti, kituo cha hapa hapa,
mwaka ule magunia yalipokutwa yamejazwa mawe.
Upelelezi ukamfikisha kwa Saidi Nampanda,
waliyelala naye likumbi moja,
wakauguza kidonda kwa majani ya mti mmoja.
Jioni ile alirudi, akavua buti,
akanawa mikono kwa ndoo nzima ya maji.
Ndoo nzima! Newala hii!
Mama akafoka. Hakujibu.
Akaomba nyingine.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikaandika moyoni:
baba ana roho ya jiwe, kamfunga mwenziwe.
Miaka thelathini na mbili nimeibeba hesabu hiyo,
karani mzima,
nisikumbuke kutoa uzito wa gunia.

Filamu haikutuonyesha kukamatwa.
Ilituonyesha vikombe viwili mezani, kimoja kitupu,
na mlango umeachwa wazi, theluji inaingia ndani.
Basi. Majina yakaanza kupanda.

Vijana wakadai mia tano zao.
Nantete alikuwa anakunja waya wa maiki,
anaukunja, anaukunjua, anaukunja tena.
Ming'oko yangu imepoa kwenye karatasi,
sijala hata mmoja.

"Kesho unairudia?" nikamuuliza Chipila.
Akacheka. "Nani atakuja?"
Nikaweka mezani mia tano mbili.
Moja yangu. Moja ya mzee.
"Si masikio yake yamekufa?" akasema.
Nikamwambia ndiyo, yamekufa.
Umweke benchi la mbele.